MAJI YA NGAMA NA HARUFU YAKE

Hotuba hii ilisemwa huko Muthara, katika nchi ya Tigania, mbele ya wakulima, wazazi na vijana. Aliyeisema ni mzee mwenyeji wa huko, ambaye alifanya kazi ya ubaharia Pwani kwa miaka mingi. Tunaipiga chapa kama alivyoisema.



Nilipoombwa kusema nanyi leo nalijiuliza niseme habari gani. Wengi wenu mnajua kuliko mimi habari za kahawa, miraa, mahindi na ng'ombe. Mimi niliondoka hapa mwaka 1974 nikiwa kijana, nikaenda Pwani, na nguvu zangu zote nalizitumia katika vyombo vya tanga. Kwa hiyo nimeona ni afadhali niseme juu ya jambo ninalolijua, ingawa ni jambo la baharini. Jambo lenyewe ni yale maji machafu yakaayo chini kabisa katika tumbo la chombo, na harufu mbaya inayotoka humo. Naomba msicheke. Kabla sijamaliza nitawaonyesha ya kuwa maji hayo yamekwisha kuua watu, nami nilikuwapo. Na tena ya kuwa ubaya ule ule waweza kumwua mtu hapa hapa kwetu, katika kisima au katika choo cha shimo.

Wala bahari si kitu kigeni kwetu kama tunavyodhani. Wazee wa Meru walitusimulia tangu utoto wetu kwamba asili yetu ni Mbwaa, mahali palipokuwa kando ya maji makuu, na kwamba babu zetu waliwatoroka watu wa nguo nyekundu waliowatawala huko, wakavuka maji, ndipo wakaanza safari ndefu ya kuja bara. Mwanahistoria mmoja Mmarekani, Jeffrey Fadiman, aliyewauliza sana wazee wetu, alionelea kwamba Mbwaa ni Manda, kisiwa kilicho jirani na Lamu. Basi mtu wa Muthara akisimulia habari za ngama, huenda anarudisha nyumbani maneno ambayo babu zake waliyasikia zamani.

NGAMA NI NINI

Chombo cha mbao huanza kwa mkuku, yaani ule mti mrefu ulio mnene, ulalao chini kabisa kutoka omo, yaani mbele, mpaka tezi, yaani nyuma. Juu ya mkuku husimamishwa mataruma, nayo ni miti iliyopinda kama mbavu za ng'ombe, na mbao hupigiliwa juu ya mataruma hayo. Mtu akisimama ndani ya chombo kitupu akatazama chini, ataona jinsi pande mbili zinavyoteremka na kukutana juu ya mkuku. Mahali pale zinapokutana ndipo paitwapo ngama. Kila tone la maji liingialo chomboni mwisho wake ni hapo.

Na hapana chombo kisichoingiza maji. Mengine hupenya katika mianzi ya mbao, hasa chombo kikikaa juani kwa muda mrefu na mbao zikakauka. Mengine ni mawimbi yanayoruka juu ya ubavu. Mengine ni mvua. Mengine hutoka kwa samaki na barafu, au katika mapipa ya maji ya kunywa. Na chombo chenye mashine huingiza maji kidogo kidogo pale ambapo mhimili wa rafadha hutokeza nje. Katika siku za mtepe, chombo cha watu wa Lamu, Pate na visiwa vya Wabajuni ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja, mabaharia hawakupumzika; ilikuwa sharti mmoja wao awe anafua maji mchana na usiku. Kufua maji ndiko kuyateka kwa upo na kuyatupa nje. Upo ni kibuyu cha mti kilichochongwa kwa kazi hiyo. Nayo maji hutekwa katika shimo lililoachwa wazi karibu na tezi, waliloliita banduru.

Mtu wa bara huweza kuuliza, maji kidogo yana madhara gani, nacho chombo ni kikubwa? Madhara yapo. Kipimo cha maji ya bahari chenye urefu, upana na kimo cha mita moja kina uzito wa kilo 1,025. Tena maji hayatulii mahali pamoja. Chombo kikilala upande mmoja kwa nguvu za upepo, maji yote hukimbilia upande ule ule na kuzidi kukilaza. Vyombo vingi vilivyopinduka havikupinduliwa na wimbi peke yake, bali wimbi lilisaidiwa na maji yaliyokuwa yamekwisha kuwamo ndani.

KWA NINI MAJI HUNASWA NA KUNUKA

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo kwenye kiini cha maneno yangu. Maji yafikayo kwenye banduru na kufuliwa kila siku hayanuki. Yanayonuka ni yale yaliyonaswa njiani.

Kila taruma likatalo ngama ni kama ukuta, na kati ya taruma na taruma pana chumba kidogo. Fundi mwema hutoboa kijitundu chini ya kila taruma, ili maji ya chumba cha mbele yapite kwenda cha nyuma, na mwisho yafike kwenye banduru. Vijitundu hivi ni vidogo, nao huzibwa na vitu vidogo: maganda ya boriti, magamba ya samaki, punje za mtama, nyuzi za kamba, mchanga, na takataka alizoziacha fundi mwenyewe. Kijitundu kimoja kikizibwa, vyumba vyote vilivyo mbele yake huwa vidimbwi. Baharia hufua maji katika banduru mpaka pakauka, akadhani kazi imekwisha, kumbe nusu ya ngama imejaa.

Hata vyombo vya siku hizi, vilivyotengenezwa kwa kioo cha nyuzi na gundi, havikusalimika. Vingi vina gamba la ndani lililobandikwa juu ya lile la nje, na katikati yake pana nafasi isiyofikiwa kwa mkono wala kwa brashi. Maji yakiingia humo yaweza kukaa miaka. Nimewaona mabwana wenye mashua za fahari, zilizopakwa rangi nyeupe kama maziwa, ambao hawakuweza kulala ndani kwa sababu ya uvundo.

Sababu ya uvundo ni hii. Katika maji yaliyotuama wamo vijidudu visivyoonekana kwa macho. Wahenga walisema, maji ya kifuu, bahari ya chungu. Nayo maji ya ngama, hata yakiwa kiasi cha kikombe, ni bahari kwa vijidudu hao. Chakula chao ni uchafu: damu ya samaki, mafuta, maganda ya miti, unga. Kwanza hula huku wakiitumia hewa iliyomo ndani ya maji. Hewa ile ikiisha, vijidudu wa namna hiyo hufa au hulala, na wengine wa namna nyingine huamka, ambao hawahitaji hewa. Hao hutumia chumvi iitwayo salfeti. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi za kila namna kiasi cha gramu 35, na katika hizo kiasi cha gramu 2.7 ni salfeti. Vijidudu huigeuza salfeti kuwa gesi iitwayo haidrojeni salfaidi, ambayo hunuka kama yai viza. Hiyo ndiyo inayoifanya shaba iwe nyeusi na rangi iharibike, na ndiyo inayoharibu unga na nguo za abiria.

Maji ya mvua hayana salfeti nyingi, kwa hiyo hayanuki upesi namna hiyo, lakini yana ubaya wake: huozesha mbao. Chombo chaweza kukaa miaka mingi ndani ya maji ya chumvi mbao zake zikawa nzima, lakini maji ya mvua yaliyonaswa katika pembe ya taruma huifanya mbao iwe laini kama mkate.

KISA NILICHOKIONA

Nilikuwa na mwaka wa tatu katika kazi. Wakati ule boriti za mikoko zilikuwa zikikatwa katika nchi ya Lamu na kupelekwa Mombasa, na nyingine hata Arabuni. Biashara ile ya kupeleka nje ilipigwa marufuku na Serikali ya Kenya mwaka 1982. Chombo chetu kilikuwa kikubwa, chenye sitaha. Mwaka ule kusi lilikuwa kali, na mwenye chombo akaamua kitiwe nanga ndani ya mlango wa mikoko mpaka upepo utulie. Tukafunika sitaha kwa mbao na turubai ili mvua isiingie, tukaenda zetu. Katika ngama tuliacha maganda ya boriti na maji kiasi cha kufika kwenye kifundo cha mguu. Hakuna aliyefikiri ya kuwa ni kosa.

Tukarudi baada ya miezi mitatu. Tulipoondoa turubai harufu ilitupiga usoni, tukacheka, tukazibana pua. Mwenzetu mmoja, kijana mwenye nguvu kuliko sisi sote, akasema, "Mimi nitashuka nifue maji, ninyi pokeeni ndoo." Akashuka. Alipofika chini alituita akasema, "Mbona huku chini hapanuki?" Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Tulimwona akipiga magoti, kisha akaanguka kifudifudi.

Ndugu yake hakungoja. Akaruka chini kumwinua, naye kabla hajamshika vizuri akaanguka juu yake. Nami nalikuwa nimekwisha kutia mguu ndani, nahodha akanishika ukosi wa shati akanivuta nyuma, nikaanguka kwenye sitaha. Akapiga kelele, "Hapana ashukaye! Mwanangu, ukishuka nitazika watatu!" Nalimchukia saa ile, nikamwona kuwa mtu asiye na huruma. Yeye akaamuru mbao zote za sitaha zing'olewe omo na tezi, akatundika tanga dogo ili upepo uingizwe ndani kwa nguvu. Kisha tukatumia mlingoti mrefu wenye kulabu, tukamnasa yule wa juu kwa ukanda wake, tukamtoa. Akapumua. Aliishi, ingawa alikaa siku nyingi akiumwa kichwa na macho. Yule wa kwanza tulipomtoa alikuwa amekwisha kufa.

Tulimzika jioni ile ile. Usiku nikamwuliza nahodha, "Je, nahodha, ulijuaje?" Akanijibu, "Nilikuwa na umri kama wako. Sisi hatukuwa na mtu wa kutuzuia."

GESI HII HUUAJE

Siku hizi wataalamu wametueleza kwa uwazi jambo ambalo nahodha yule alilijua kwa msiba. Haidrojeni salfaidi ni nzito kuliko hewa, kwa karibu sehemu moja katika tano. Kwa hiyo haipandi juu, bali hulala chini katika ngama, katika kisima, katika shimo. Ikiwa kidogo sana, pua huitambua. Lakini ikifika kiasi cha sehemu 100 katika sehemu milioni moja za hewa, pua hufa ganzi kwa dakika chache, na mtu haisikii tena harufu. Ndiyo sababu marehemu mwenzetu alisema ya kuwa hapanuki. Alidhani amefika mahali pazuri, kumbe amefika mahali pabaya kuliko pote. Ikizidi mpaka kiasi cha sehemu 700 au 1,000, pumzi chache tu hutosha kumwangusha mtu na kumwua.

Tena mara nyingi mahali kama hapo hewa njema yenyewe imekwisha, maana vijidudu wameitumia yote, hata kutu ya chuma huila. Basi mtu huweza kufa pasipo sumu yo yote, kwa kukosa hewa tu.

Na hatari kubwa zaidi ni upendo wetu kwa ndugu zetu. Mwaka 1986 idara ya Marekani inayochunguza usalama wa wafanyakazi, iitwayo NIOSH, ilitangaza kwamba katika kila watu 100 wanaokufa katika mahali palipofungwa namna hii, zaidi ya 60 ni wale walioingia ili kuwaokoa wenzao. Fikirini neno hilo. Anayekufa zaidi si mwenye kazi, bali ni ndugu yake na rafiki yake.

DAWA YA MAJI YALIYONASWA

Sasa niwaambie yafanywayo na baharia mwenye akili, maana baadhi ya vijana wa hapa watakwenda Pwani kutafuta kazi kama nilivyokwenda mimi.

Jambo la kwanza, asitie manukato. Wako watu wamwagao marashi au dawa za harufu nzuri ndani ya ngama. Huko ni sawa na kumfunika mgonjwa kwa shuka mpya ili asionekane. Harufu ni mjumbe aliyeleta habari, nawe wataka kumziba kinywa.

La pili, afungue kila mlango na kila mbao, na kuuacha upepo upite. Tundu moja halitoshi. Sharti yawe mawili, moja la kuingizia upepo na moja la kutokea, na tanga dogo litundikwe ili kuusukuma upepo mpaka chini. Chombo kilichofungwa kwa miezi kiachwe wazi siku nzima au zaidi kabla mtu hajashuka. Na siku hizi viko vipimo vidogo vya gesi ambavyo mtu huvivaa kifuani. Mwenye chombo kikubwa hana udhuru wa kutokuwa navyo.

La tatu, ayajue maji yametoka wapi. Mabaharia wana njia rahisi. Teka maji kidogo ukafulie sabuni. Sabuni ya kawaida haitoi povu katika maji ya bahari, bali hufanya utandu. Likiwapo povu jingi, maji yale ni ya mvua au ya pipa, basi tazama sitaha na mapipa. Lisipokuwapo, maji ni ya bahari, basi tazama mbao na mhimili wa rafadha. Na ukiona rangi za upinde wa mvua juu ya maji, ni mafuta ya mashine.

La nne, atafute mahali yaliponaswa. Mwaga ndoo moja ya maji safi kule omo, kisha nenda ukangoje kwenye banduru. Yakifika upesi, njia iko wazi. Yakichelewa au yasipofika, rudi taruma kwa taruma mpaka ukione kijitundu kilichozibwa. Zamani mafundi walipitisha mnyororo mwembamba katika vijitundu vyote, kutoka omo mpaka tezi, na kila juma baharia aliuvuta mbele na nyuma ili kuondoa uchafu. Ni jambo rahisi, nalo bado linafaa.

La tano, ayafue maji yote, na yale ya mwisho yasiyotekeka ayanyonye kwa tambara au sifongo. Kisha aoshe kwa maji ya bahari yaliyo safi, halafu kwa maji matamu na sabuni, akisugua kwa brashi mpaka utelezi uishe, maana utelezi ule ndio nyumba ya vijidudu. Akitaka kutumia dawa ya klorini, aitumie peke yake. Asiichanganye kamwe na asidi wala na dawa nyingine za kusafishia, kwa kuwa kuchanganya huko huzaa gesi nyingine ya sumu. Baada ya kuosha, akaushe kabisa. Ngama iliyo kavu hainuki.

La sita, azibe mahali yalipoingilia. Watu wa Lamu hungoja bamvua, ambapo maji hujaa sana na kupwa sana, wakakipandisha chombo ufukoni maji yakiwa yamejaa. Yakipwa, hukilaza ubavu, hukitia moto wa makuti kwa nje ili kuwaua wadudu wa baharini watoboao mbao, kisha hukikalafati, yaani huishindilia mianzi kwa pamba iliyotiwa mafuta. Mwisho hupaka deheni, iliyotengenezwa kwa chokaa na shahamu. Ndani hupaka sifa, mafuta ya papa, ambayo nayo hunuka, lakini hiyo ni harufu ya kazi njema.

Na la saba ni juu ya mafuta ya mashine. Maji yenye mafuta yasimwagwe bandarini wala katika mikoko, kwa sababu samaki na kaa huzaliana katika mizizi ile. Meli kubwa zimewekewa sheria na mapatano ya mataifa ya mwaka 1973 na 1978, yaitwayo MARPOL, kwamba maji ya ngama yasitupwe baharini ila yamechujwa mpaka mafuta yake yasizidi sehemu 15 katika milioni. Mwenye mashua ndogo hana mtambo wa kuchuja, lakini ana matambara. Anyonye mafuta na kuyapeleka nchi kavu.

NENO LETU SISI WA MUTHARA

Ndugu zangu, hapa Muthara hatuna jahazi. Lakini tuna ngama nyingi. Kila mahali palipo chini, pasipopita upepo, penye maji au uchafu uliotuama, hapo ni ngama: kisima kilichofunikwa na kuachwa, choo cha shimo, tangi la maji lililojengwa ardhini, shimo la kukusanya samadi kwa ajili ya gesi ya kupikia.

Tazameni kwanza matangi yetu ya kukingia maji ya mvua. Maji yakianza kunuka twasema tangi limezeeka. Mara nyingi sivyo. Bomba la kutekea limewekwa juu kidogo ya sakafu, na chini yake yamebaki matope ya majani na vumbi la mabati, ambayo hayajatoka tangu tangi lijengwe. Hayo ni maji yaliyonaswa. Fundi aombwe aweke tundu la kumwagia mahali palipo chini kabisa, na kila mwaka, kabla ya mvua, tangi limwagwe na kusuguliwa. Mvua ya kwanza iachwe ipite bila kuingizwa.

Kisha yashikeni maneno haya juu ya visima na mashimo. Mtu asishuke peke yake. Asishuke kabla ya kufungwa kamba kifuani, na juu wawepo watu wasiopungua watatu wawezao kumvuta. Mashine ya petroli ya kuvutia maji isiteremshwe kisimani wala kuwashwa karibu na mdomo wa kisima, maana moshi wake una sumu isiyo na harufu kabisa, nao waweza kuingia kisimani. Msitegemee taa au mshumaa kama walivyofanya wazee wa zamani. Taa huonyesha kukosekana kwa hewa, lakini haionyeshi sumu, tena gesi nyingine hushika moto. Mkisikia harufu ya yai viza, msishuke. Mkiisikia kisha ikatoweka ghafula, ondokeni haraka.

Na mtu akianguka ndani, hata akiwa mwanao, usimfuate. Vuta kamba. Kama hakufungwa kamba, piga kelele watu waje, fungua mahali pote pawezapo kufunguliwa, ingiza hewa kwa cho chote kiwezacho kuisukuma, tumia kulabu na mti mrefu, na peleka habari upesi kwa wenye vyombo vya kupumulia. Najua neno hili ni gumu kwa mzazi. Lilikuwa gumu kwangu nilipolala juu ya sitaha ile na kumwona mwenzangu chini, hatua chache kutoka mkononi mwangu. Lakini ndugu yake yu hai mpaka leo, ana watoto na wajukuu, kwa sababu mtu mmoja mzima alikubali kuchukiwa kwa saa moja.

Mabaharia wana methali yao: kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Hutumiwa kumkumbusha mtu aliyetanga huku na huku kwamba mwisho atarudi mahali alipotoka. Nami nimerudi Muthara. Lakini ninyi mkienda nyumbani leo, ichukueni methali hiyo kwa maana yake ya wazi pia. Zungukeni boma zenu, mtazame yako wapi maji yaliyonaswa, myafungulie njia. Na kamba nene ya mita 20 ikae mahali panapojulikana na kila mtu wa nyumba, kabla siku ya kuitaka haijafika.